SUMU YA JIRANI
Sehemu ya Sita: Lebo Mbili, Mgonjwa Mmoja

Tulimwacha Bi Nyaya katikati ya maabara, lebo mbili mkononi.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, habari ni hii. Bi Nyaya ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali. Jina hilo alibandikwa na manesi, maana haonekani bila waya begani, naye hakulikataa. Asubuhi aliitwa maabara kwa jambo dogo tu, printa inatafuna karatasi. Akaitengeneza. Ili aijaribu, akachapisha lebo ya damu ya mgonjwa wa mwisho kutoka kompyuta kubwa ya mezani. Kisha akawasha ile kuukuu ya pembeni, iliyokuwa imezimwa muda mrefu, akaichapisha tena lebo ileile.

Zikatoka mbili. Jina moja, sampuli moja.

Ya kwanza iliandikwa kundi la damu AB. Ya pili iliandikwa O.

Na jina lenyewe lilikuwa la mama mkwe wake.

"Darubini!" aliita.

Mkuu wa maabara aligeuka kwenye kiti. Hakuna aliyekumbuka jina lake halisi. Miwani yake ilikuwa minene kama sehemu ya chini ya chupa, na hilo lilitosha.

"Dada, polepole. Hapa kuna vioo."

"Mama mkwe wangu ni kundi gani?"

Darubini akatupa jicho kwenye skrini. "AB. Damu yake imeshakwenda thieta. Si anapasuliwa nyonga leo?"

"Na hii je?"

Alimwekea lebo ya pili chini ya pua. Darubini akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaisoma upya. Herufi ilikuwa palepale.

"Mtu wa O akitiwa damu ya AB," alisema taratibu, kama anayejisomea, "mwili wake unapigana na ile damu. Figo ndizo zinazotangulia kufa. Halafu..."

Ile halafu Bi Nyaya hakuisubiri.

Alinyakua simu ya ukutani akapiga thieta. Ikaita. Ikaita. Wenye mikono mle ndani walikuwa wamevaa glavu, na glavu hazishiki simu. Akaitupa, akakimbia.

Mlangoni mwa thieta, nesi alinyoosha mkono kumzuia. "Na viatu hivyo? Hupiti!"

"Sista, damu ya mama si yake!"

Duniani kuna watu wa kuuliza maswali na kuna watu wa kufungua mlango. Nesi huyu, Mungu amzidishie, alikuwa wa kufungua mlango.

"Simamisheni damu!" alipaza sauti kabla hata mlango haujafika mwisho.

Mama Mkwe alikuwa amelala chini ya taa, uso umefunikwa na kinyago cha hewa. Juu yake mfuko ulikuwa umeshatundikwa. Uzi mwekundu ulikuwa unateremka kwenye mrija, mwembamba, bila haraka, ukielekea mkononi.

Mtu wa nusukaputi, yule anayewalaza wagonjwa, aliukamata mrija kwa vidole viwili, akaubana.

"Imefika wapi?" Daktari mpasuaji aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kwenye kiwiko cha mrija. Mshipani bado."

Hapo ndipo daktari alipoinua macho. Alikuwa mama wa makamo, macho makali juu ya barakoa. "Nani kasema damu si yake?"

"Mimi."

"Daktari wa wapi wewe?"

"Mimi fundi wa kompyuta."

Mashine ilihesabu mapigo.

"Na kompyuta inasemaje?"

"Inasema maneno mawili, daktari. Mgonjwa mmoja, makundi mawili. Sijui lipi la kweli."

Daktari alifumba macho mara moja, akayafumbua. "Ondoeni mfuko, na mrija wote. Mwekeeni maji kwanza. Chukueni damu mpya, na nataka ipimwe kwa mkono. Kwa mkono, mmenisikia? Mashine isiiguse." Kisha akamgeukia Bi Nyaya. "Nyonga nimeshaifungua, mama. Siwezi kuirudisha ilivyokuwa. Kimbia."

* * *

Darubini alitoa kigae cheupe kabatini, akakipuliza vumbi.

Zamani kila mfuko ulipimwa hivi: tone la mgonjwa, tone la dawa, jicho la mtu. Tangu programu mpya ya maabara ije, kompyuta ndiyo husoma majibu ya mashine, ndiyo huchagua mfuko, ndiyo huandika "INAFAA" kwa rangi ya kijani. Na nesi akisimama kitandani kulinganisha lebo ya mgonjwa na ya mfuko, zote mbili zimeandikwa na mwandishi mmoja. Zikikosea, zinakosea pamoja.

Aliweka tone la damu mpya waliyoileta Bi Nyaya na nesi wa thieta. Akaongeza dawa. Akakitikisa kigae kwa mzunguko mdogo, pumzi ameizuia.

"Huku hakijaganda kitu," alisema. "Na huku hakijaganda kitu. Hana A, hana B. Ni O, dada. Mama yako ni O."

Bi Nyaya alishika ukingo wa meza. "Mtafutie mfuko wa O, uupime hivyohivyo kwa mkono, umpe Sista."

Darubini akafanya. Nesi akaondoka mbio na mfuko kifuani, kama mtu aliyebeba kichanga.

Ungedhani sasa wangeshusha pumzi. Lakini Darubini alibaki amesimama, kigae mkononi, uso umepoteza rangi.

"Dada," alisema, "mama yako hakuwa wa kwanza. Tangu asubuhi nimetoa mifuko mingine."

Alikamata simu. Wodi ya wanaume: mfuko upo, bado umo kwenye sanduku la barafu. Usiutumie! Wodi ya watoto: mfuko haujafika. Usiupokee! Wodi ya wazazi: mfuko umetundikwa tangu muda.

"Mgonjwa anaendeleaje?" Darubini aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelijua jibu.

"Analalamika mgongo," nesi wa upande wa pili alijibu. "Anatetemeka, na blanketi tumemwongeza. Tukadhani ni uchovu wa kujifungua."

"Ufunge mfuko! Sasa hivi! Mwite daktari, mwambie amepewa damu isiyo yake!"

Alirudisha simu ukutani mara ya kwanza akakosa, mara ya pili akapata. "Ana mtoto wa jana," alisema. "Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Ulibonyeza kilichoandikwa."

"Nilibonyeza mimi, dada."

Bi Nyaya hakubishana naye. Alivuta kiti mbele ya kompyuta ya mezani. "Leo asubuhi ilifanya kitu gani kisicho cha kawaida?"

"Hakuna. Iliuliza kama ipokee toleo jipya la programu, nikakubali. Si mlituambia tukubali?"

Kweli waliambiwa. Sasisho huziba matundu, na kompyuta isiyosasishwa ni nyumba isiyo na komeo. Bi Nyaya mwenyewe ndiye aliyezunguka wodi hadi wodi kuwahimiza.

Akafungua ukurasa wa programu. Namba ya toleo hakuwahi kuiona. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: *Limepokelewa kutoka kwa jirani.*

Hapa tusimame kidogo, maana mkasa wote umo humu.

Hospitali ile intaneti yake ilikuwa ya kusuasua. Kila kompyuta ikienda kujichotea sasisho huko nje, siku nzima ingeisha kila mtu anatazama kiduara kinazunguka. Ndipo watengenezaji wa programu wakaweka njia ya mkato: kompyuta moja ichukue, nyingine ziombe kwake. Kama majirani wa zamani walivyoombana kaa la moto. Mmoja akiwasha jiko, wengine wanakuja na kigae cha kubebea, na kabla jua halijapanda kila nyumba inafuka moshi.

Jambo jema, ila kuna swali moja la lazima. Unayemwomba kaa, unamjua?

"Twende kwenye ile ya pembeni," Bi Nyaya alisema. "Ile bado inasema kweli. Nikizilinganisha nitaona kilichobadilishwa."

Wakaisogelea ile kuukuu. Bi Nyaya akaita jina la mama mkwe wake. Skrini ikawaza, kisha ikajibu.

AB.

"Ilisema O," Darubini alinong'ona. "Lebo unayo mkononi. Ilisema O!"

"Ilisema O ilipoamka." Bi Nyaya aliiweka lebo kando ya skrini. "Tulipokuwa tunakimbia huku na huku, imebisha hodi kwa majirani. Wameipa."

Hakuna mtu aliyeigusa, wala haikuuliza ruhusa. Ilikuwa imekaa pale peke yake, feni yake inavuma, ikajifunza kusema uongo.

* * *

Alimpigia Shemeji.

Mama Mkwe ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa ni mume wa Bi Nyaya. Mdogo, ambaye Bi Nyaya humwita Shemeji kama naye anavyomwita, ameajiriwa na kampuni iliyotengeneza programu ile ya maabara. Kazi yake ni kuzunguka hospitali zinazoitumia, kuiweka na kuihudumia.

"Shemeji! Mama katoka?"

"Bado yumo. Nijibu haraka. Leo mmetoa toleo jipya?"

"Toleo la nini?"

"La programu ya maabara."

"Hatujatoa kitu tangu mwaka jana. Mbona?"

Bi Nyaya alifunga macho. "Hapa kuna toleo jipya. Kompyuta zinapeana. Linabadilisha makundi ya damu."

Upande wa pili palikuwa na honi za magari, na pumzi.

"Haiwezekani," Shemeji alisema. "Kila toleo lina muhuri wetu. Kompyuta haipokei kitu bila kuukagua muhuri."

"Muhuri unakaguliwa?"

"Unaka..." Akasita. "Shemeji, mnakumbuka hospitali zililalamika? Ukaguzi ulihitaji intaneti, na intaneti ikikatika programu inagoma. Wakubwa wakasema tuuzime kwa muda."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda," Shemeji alirudia, na safari hii neno lilitoka dogo sana. "Niko njiani, nakuja. Zitenganishe. Chomoa nyaya zote, zisisemezane!"

Bi Nyaya alifika kwenye kabati la mtandao, ghorofa ya chini, pembeni ya ngazi. Akalifungua. Taa za kijani zilikuwa zinakonyeza, mamia yake, kila konyezo neno moja kati ya kompyuta na kompyuta. Kwa miaka yote taa hizo zilikuwa zinampa raha. Leo alizitazama kama mtu anayetazama siafu.

"Unafanya nini hapo?"

Msimamizi wa hospitali alikuwa amesimama nyuma yake, tai imekaza, kikombe cha chai mkononi.

"Naizima hospitali, bosi."

"Una wazimu? Mapokezi, duka la dawa, eksirei, wote wanategemea..."

"Wodi ya wazazi kuna mama amepewa damu isiyo yake. Toleo bovu linatembea ndani ya nyaya hizi. Kila ninaposema neno, linafika pengine."

Msimamizi alimtazama. Akatazama taa. Alikuwa mtu wa mikutano na mihutasari, na wengi walimwogopa kwa kusema hapana. Aliweka kikombe sakafuni.

"Nishike wapi?" aliuliza.

Wakachomoa pamoja. Safu kwa safu taa zikafa. Juu yao, jengo zima likaanza kuuliza maswali: sauti za makarani, milango, mtu anaita fundi, mwingine anamlaani fundi. Msimamizi akakunja mikono ya shati, akapanda ngazi kwenda kuwaambia wote washike kalamu.

Bi Nyaya alibakiza kompyuta yake mwenyewe. Tangu mwanzo hakuiunganisha na ujirani huo. Fundi hali chakula cha sufuria anayoitengeneza. Katika kumbukumbu za kabati alitafuta jambo moja tu. Nani alikuwa wa kwanza kutoa? Majirani wote walikuwa wamechukua kwa jirani mwingine, naye kwa mwingine. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwa yule ambaye hakuchukua kwa mtu yeyote humu ndani.

Kompyuta hiyo haikuwa ya hospitali. Ilikuja asubuhi. Ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani, ikasalimu, na wote wakaiitikia.

Akafuata namba ya soketi. Jengo la mbele. Ghorofa ya pili. Vyumba vya wagonjwa wa upasuaji.

Chumba cha mama mkwe wake.

* * *

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kinamsubiri mwenyewe. Juu ya mto palikuwa na kitambaa chake cha kichwa, kimekunjwa mraba. Kando ya kitanda kulikuwa na kikabati cha chuma, na chini ya kikabati, waya wa bluu ukitoka ukutani ukipenya kwenye upenyo wa mlango.

Bi Nyaya alipiga goti, akafungua.

Ndani, juu ya taulo la mgonjwa, kompyuta mpakato. Imewashwa. Ina joto. Kwenye kifuniko, stika ya kampuni.

Kampuni ya Shemeji.

Msomaji, kuna hasira zinazokuja na kelele na kuna zinazokuja na ukimya. Hii ilikuwa ya ukimya. Bi Nyaya alinyoosha mkono kuuchomoa waya.

"Shemeji! Usiiguse!"

Alikuwa amesimama mlangoni, anahema, shati limelowa jasho. Yule kijana ambaye Bi Nyaya alimpikia siku nyingi, akamshonea vifungo, akawa akimtania kwamba atamwozesha mke mwenye kelele kuliko yeye. Akaingia. Akaufunga mlango nyuma yake.

Bi Nyaya alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha.

"Ni yako?"

"Yangu."

"Mama yako alikuwa mezani, tumbo... nyonga imepasuliwa, mfuko umeshatundikwa! Mama yako mzazi!"

"Mfuko gani?"

Ndipo Bi Nyaya alipoona kwamba hajui. Hakumwambia kwenye simu. Akamwambia sasa, kwa maneno machache, na akamwona mtu mzima akikaa kitandani bila kupanga kukaa, akikalia kitambaa cha mama yake, asijue.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anapewa O iliyopimwa kwa mkono."

Shemeji aliziba uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika. Bi Nyaya hakumsogelea.

"Kwa nini umesema nisiiguse?"

"Ukiizima, hatutajua yenyewe ilichukua kwa nani." Alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Nilikuja asubuhi kumwona mama kabla hawajamchukua. Nilikuwa na kazi ya kumalizia. Nikachomeka hapa, kama ninavyofanya kila nikija. Mama akasema niifiche kabatini isije ikaibiwa. Wito wa mteja ukaja, nikaiacha ikichaji."

"Ifungue."

Alipiga magoti sakafuni, wakawa bega kwa bega. Akaandika kwenye kibodi. Ukurasa ukafunguka, na mstari uleule ukawatazama: *Limepokelewa kutoka kwa jirani.*

"Hata wewe," Bi Nyaya alisema.

"Nilikuwa kwenye semina. Hotelini, ule ukumbi mkubwa." Alikuwa anakumbuka kwa sauti. "Tulipewa mtandao mmoja wote. Na mimi yangu imewekwa ichukue kwa yeyote aliye karibu, iwe rahisi ninapozunguka."

"Yeyote?"

"Yeyote anayejitambulisha kuwa na toleo la juu." Aliitazama kompyuta yake. "Meza ya jirani kulikuwa na baba mmoja, mpole, amevaa sweta. Aliniazima chaja. Akaniuliza nafanya kazi gani."

"Ukamwambia."

"Nilimwambia vizuri sana, Shemeji. Nilimwambia hospitali zote."

Nje koridoni mtu alipita akisukuma kitanda, gurudumu moja linalia. Wote wawili waligeuka. Hakuwa mama.

"Hospitali zote," Bi Nyaya alirudia. "Baada ya semina, kabla ya hapa, ulichomeka wapi?"

Shemeji alihesabu siku kwa vidole.

"Ile hospitali ya kule mjini, jana. Nilishinda kule. Nilikula nao mchana, nikaiacha imechomekwa maabara yao siku nzima."

Bi Nyaya alichomoa waya wa bluu. Kumbukumbu alikuwa ameshazipiga picha kwa simu. Kabati la chini lilishakufa, na sasa hata waya wa mwisho ulikatika: hakuna kompyuta mle ndani iliyokuwa na njia ya kumsemesha mwenzake.

"Wapigie," alisema. "Sasa hivi."

Shemeji akapiga. Inatumika. Akapiga namba nyingine. Inatumika.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kidogo. Yule nesi wa thieta, kofia bado kichwani. Walimtazama wote.

"Wanamfunga," alisema. "Presha imekaa vizuri. Daktari kasema niwaambie mama yenu ana moyo wa punda."

Shemeji alicheka na kulia kwa pamoja. Bi Nyaya akaegemea ukuta. "Na yule wa wodi ya wazazi?"

Tabasamu la nesi likapungua. "Figo zinasumbua. Wanapigana. Mtoto yuko kwa bibi yake, ananyweshwa maziwa kwa kijiko." Akaondoka.

"Mwambie mume wangu habari za mama," Bi Nyaya alimwambia Shemeji. "Alisema akitoka kazini anakuja moja kwa moja. Huenda yuko..."

Simu yake mwenyewe ikaita mkononi. Ilikuwa namba ya mumewe. Afadhali! Aliipokea akiwa ameshaanza kusema.

"Baba watoto, mama ametoka sala—"

"Halo?" Sauti ya mwanamke. Mgeni. "Samahani, dada. Kwenye simu hii umeandikwa 'Mke Wangu'. Ni wewe?"

"Wewe nani?"

"Mimi niko mapokezi ya dharura. Usishtuke, dada."

Neno hilo, tangu liumbwe, halijawahi kumzuia mtu kushtuka.

"Mwenye simu kagongwa na pikipiki akivuka barabara. Paja limevunjika na damu imemtoka nyingi, lakini anaongea. Alikuwa anamuulizia mama yake."

"Hospitali gani?"

Mwanamke akaitaja: ile ya kule mjini. Bi Nyaya hakuhitaji kumtazama Shemeji. Alisikia jinsi kijana yule alivyoacha kupumua.

"Usijali kuhusu damu," mwanamke aliendelea kwa upole. "Wengine wanahangaika kutafuta ndugu wa kuchangia. Yeye kapata damu ya kundi lake kwenye ghala la damu mara moja, kompyuta imemchagulia. Ni AB."

Walipimwa pamoja, yeye na mumewe, kabla ya ndoa. Alikuwa amesimama pembeni yake, akimcheka kwa kuogopa sindano. Mumewe hakuwa AB. Hakuwahi kuwa AB.

"Sista, msimtie ile damu! Si yake! Izuieni!"

"Unasema?"

"Kompyuta yenu inadanganya! Izuieni hiyo damu!"

"Dada, mimi niko mapokezi. Wodi iko jengo la nyuma, na mfuko ulishaondoka hapa." Sasa hofu ilikuwa imeanza kumwingia naye. "Ngoja niwapigie. Simu zetu za ndani zinapita kwenye kompyuta... Ngoja... Aa, mbona hivi?"

"Mbona nini?"

"Zote zimegoma. Skrini zote zimekuwa bluu. Zimeandika kitu."

"Zimeandika nini? Nisomee!"

Shemeji alikuwa amesogea, sikio lake karibu na simu. Kompyuta yake ilikuwa chini pale, waya umechomolewa, haimpi mtu chochote. Bi Nyaya alimwona akiitazama, kisha akamtazama yeye. Walijiuliza swali moja bila kulitamka. Kama hii imechomolewa, huko toleo anatoa nani?

Mwanamke akasoma taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha onyo barabarani.

"'Toleo jipya zaidi limepatikana kwa jirani. Linapokelewa. Tafadhali usizime.'"